Mwezi wa Saa Saba Mchana

Mwanamke alikaa peke yake juu ya paa, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, na usiku ulikuwa wa buluu, mwepesi, kama wino uliotiwa maji. Mashuka yalijaa upepo taratibu, yakashusha pumzi, yakajaa tena. Mwezi wenyewe haukuonekana. Ulionekana mwanga wake tu, umetulia upande mmoja wa uso wa yule mwanamke kama kiganja cha mtu anayebembeleza. Akainuka, akachovya miguu katika beseni la maji, akatembea pekupeku juu ya saruji hadi ukingoni, kisha akarudi akaketi. Nyayo zake zilibaki nyuma yake, nyeusi, mguu baada ya mguu. Kwa mujibu wa hadithi, mumewe alikuwa anauawa dakika ileile, hatua chache nyuma ya kamera, na kamera haikugeuka hata mara moja kutazama.

"Rudisha mwanzo," Inspekta alisema.

Ilikuwa mara ya nne. Mwongozaji alibonyeza kitufe bila kunung'unika, na mashuka yakaanza upya kupumua kwenye kioo cha kompyuta. Nyuma yao, juu ya kreti la soda lililogeuzwa, Koplo alikuwa amekunja mikono na kidevu chake kimegusa kifua.

"Koplo."

"Nipo, afande. Nilikuwa nasikiliza."

"Haina sauti."

"Ndiyo maana nilikuwa nasikiliza kwa makini."

Chumba kile kilikuwa cha kufulia nguo zamani, ghorofa ya pili ya jengo lilelile ambalo paa lake walikuwa wanalitazama. Sinki lilikuwa bado pale, limejaa nyaya. Dirisha lilizibwa kwa maboksi, na mahali ambapo boksi moja halikukutana na jingine, mstari mwembamba wa jua ulipita hewani na kupasua vumbi. Mwongozaji, kijana mrefu aliyevaa sweta lenye mikono iliyolegea, alikuwa na mazoea ya ajabu: alipozungumza na mtu hakumtazama machoni, alitazama mwanga ulivyomwangukia.

"Mnaionaje?" aliuliza, kwa sauti ya mzazi anayemsubiri mwalimu afungue ripoti.

"Inanipa usingizi," Koplo alisema. "Lakini usingizi mzuri."

"Hilo ndilo ninalolitaka."

Inspekta hakuwa amekuja kuburudika. Siku tatu zilizopita, Jumanne, saa saba na dakika ishirini mchana, mtunza jengo, ambaye wapangaji wote walimwita Mzee wa Funguo, alikutwa amelala chini ya ngazi ya mwisho inayoelekea paani, kichwa kimepasuka, hana fahamu. Aliyemkuta ni binti yake, mwalimu wa shule ya jirani, aliyezoea kupita kumsalimia wakati wa mapumziko. Kando ya mzee alikuwepo mtu mmoja aliyepiga magoti na mikono yenye damu: fundi taa wa hawa watu wa filamu. Kila mtu katika jengo alijua kuwa asubuhi ile fundi taa na mzee walikuwa wamerushiana maneno, kwa sababu mzee aliuchomoa waya wao wa umeme ukumbini na kuuchukua. Waya huohuo ulikutwa kwenye ngazi.

Fundi taa alipohojiwa alisema maneno machache, na Koplo aliyaandika yote: "Nilikuwa juu, tunapiga filamu. Nilimkuta pale. Nilichelewa. Kosa ni langu." Maneno matatu ya mwisho Koplo aliyapigia mstari mara mbili.

Mwongozaji alileta kituoni kipande cha filamu kuthibitisha kwamba walikuwa paani. Wataalamu wa makao makuu wakakifungua na kusoma saa iliyoandikwa na kamera yenyewe: saa saba usiku. Hata kwa macho, ulikuwa usiku. Basi fundi taa akaonekana mwongo, na wenzake waongo pamoja naye, na leo saa nane mchana alitakiwa kufikishwa mbele ya hakimu kwa kujeruhi kwa kukusudia. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

"Simamisha hapo," Inspekta alisema. "Hiyo ni dakika ya ngapi?"

"Dakika ya tatu. Ndipo anapotembea."

"Hesabu nyayo, Koplo."

Koplo alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Kwenda, saba. Kurudi sijui, zimepandana."

"Sasa peleka mbele. Dakika ya sita. Hesabu tena."

Koplo alihesabu, akakuna kichwa. "Afande, zimebaki mbili. Na hizo mbili zina dalili ya kuaga."

Inspekta aligeuza kiti chake kumkabili Mwongozaji. "Mimi nyumbani kwangu napiga deki usiku, watoto wakishalala. Sakafu inakaa na maji mpaka nakata tamaa ya kuisubiri. Hii saruji imekunywa nyayo tano kwa dakika tatu. Saruji hii ni ya moto, kijana. Ukiweka yai linaiva."

Mwongozaji alitazama ule mstari wa jua. Tabasamu lilimjia polepole, tabasamu la mtoto aliyekutwa kwenye maficho mazuri.

"Filamu nzima ina usiku tisa," alisema. "Hakuna hata mmoja tulioupiga usiku."

"Kwa nini?"

"Usiku wa kweli kwenye kamera yetu ni shimo tu. Huoni mtu, huoni uso. Lakini ukikumbuka usiku wa utotoni mwako, unaona kila kitu, sivyo? Unaona mpaka ukucha wa mama yako. Usiku wa kumbukumbu una mwanga mwingi. Huo ndio naoutafuta. Tunapiga jua likiwa utosini, naubana mwanga kwenye kamera, kisha hapa mezani natia buluu."

"Na saa ya kamera?"

"Naiweka kwa saa ya hadithi, ili vipande vijipange vyenyewe. Siku ya kazi sote tunaishi kwa saa ya hadithi. Tunasalimiana 'za usiku' huku jasho linatutiririka. Ni desturi yetu tu. Inasaidia waigizaji."

Koplo alikuwa amefungua jalada na anasoma mwandiko wake mwenyewe kama mtu anayesoma barua ya kuachwa.

"Nilikuuliza ilikuwa saa ngapi," alimwambia Mwongozaji. "Ukaniambia saa saba usiku. Nikaandika."

"Uliniuliza onyesho ni la saa ngapi."

"Hukumuuliza usiku upi?" Inspekta alisema.

"Afande, tangu lini kuna usiku wa aina mbili?"

"Tangu Jumanne. Inuka, tupande juu."

Ngazi za kwenda paani zilikuwa nyembamba na zenye giza, na kwenye ngazi ya chini bado palikuwa na doa ambalo mtu alikuwa amelisugua bila mafanikio. Inspekta aliliruka. Alisimama kidogo, akafungua jalada kwenye orodha ya vielelezo: waya wa umeme, mita kumi, umezungushwa kwa mafundo safi, ncha moja imefunguka. Kofia ya mtuhumiwa, yenye damu, ilikutwa chini ya kichwa cha majeruhi. Kando, kwa maandishi madogo: imekunjwa mara nne.

"Ni nani aliyeandika 'imekunjwa mara nne'?"

"Mimi," Koplo alisema. "Si unasemaga tuandike kila kitu?"

"Umewahi kumsukuma mtu kwenye ngazi, kisha ukamkunjia kofia ya kulaza kichwa?"

Koplo alifikiri. "Hapana, afande. Lakini mke wangu anaweza."

Paani jua lilikuwa limeshapamba moto, ingawa majengo mawili marefu ya jirani yalilikata vipande. Mashuka yaleyale yalikuwa kwenye kamba. Bila ile buluu yalionekana madogo na ya kawaida, moja lina kiraka cha maua. Kiti alichokalia yule mwanamke kilikuwa bado kivulini, kando ya ukuta. Hatua sita mbele yake, juani, kulikuwa na kioo cha kabati la nguo kilichoegemezwa kwenye matofali.

"Huo ndio mwezi?" Inspekta aliuliza.

"Huo ndio mwezi," Mwongozaji alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona aibu kidogo. "Shemeji yangu ndiye anayeushika. Tunamwita Mwezi. Dada yake ni mke wangu, ndiye anayeigiza. Mpigapicha ni rafiki yetu, leo ameenda kupiga harusi. Ni sisi wanne tu."

Inspekta alichukua chaki mfukoni. Alikigeuza kioo pale kwenye matofali mpaka mwanga wake ukatua ukutani, juu kidogo ya kiti, akauzungushia duara la chaki. Kisha akatazama saa yake, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wenzake walibaki wamesimama hawajui la kufanya. Mashuka yalijaa, yakashusha pumzi. Njiwa alitua ukingoni, akawaangalia mmoja mmoja, akaondoka. Kwa dakika kumi na moja hakuna aliyesema kitu, na ulikuwa ukimya mzuri, wa kutaka kulala, mpaka Inspekta aliponyanyuka na kumwambia Koplo apime.

Koplo aliweka mkono ukutani, kidole gumba kwenye ukingo wa duara, cha mwisho kwenye ukingo wa mwanga. "Shubiri moja, afande. Umetoka kabisa."

"Kipande chako kina urefu wa dakika ngapi?" Inspekta alimuuliza Mwongozaji.

"Kumi na moja. Hakikukatwa."

"Na mwanga umekaa usoni mwa mkeo dakika zote kumi na moja. Haukuteleza hata kwa upana wa kidole. Basi kioo hakikuegemezwa. Kuna mtu alikishika, anahama nacho kadiri jua linavyohama."

"Ndicho ninachowaambia siku zote. Shemeji alikuwa hapa."

"Umeniambia mtu alikuwa hapa. Mkeo yuko mbele ya kamera. Mpigapicha yuko nyuma yake, namjua kwa jinsi kamera inavyotembea. Amebaki nani wa kushika kioo? Wewe au shemeji yako. Hakimu ataniuliza swali hilo kabla hajaketi vizuri. Nitamjibu nini?"

Mwongozaji aliangalia lile duara la chaki ukutani.

"Na dakika ya saba," Inspekta aliendelea, taratibu, "mwezi unaruka. Nimeuona mara nne. Unatoka usoni, unapiga ukutani, unazunguka kama unatafuta mlango, kisha unarudi. Mkeo macho yanamkimbia kuelekea ngazi. Hapo umezidisha buluu mpaka karibu kila kitu kizame. Ulikuwa unaficha nini?"

"Upepo," Mwongozaji alisema. "Upepo ulimyumbisha."

"Mashuka yametulia dakika ile. Nipe sauti."

"Hatukurekodi sauti. Tunaitia baadaye."

Inspekta alimwangalia kwa muda, si kwa ukali. Alikuwa na kijana wa umri ule nyumbani.

"Nieleze jambo moja la kazi yako," alisema. "Filamu yako ni ya mauaji, lakini hakuna anayeonekana akiuawa. Kwa nini?"

Alijibu haraka, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutokea. "Kisu kila mtu anakijua. Ukikionyesha, mtazamaji anaangalia kisu. Mimi naonyesha kile ambacho mwingine alikuwa anakitazama wakati kisu kinafanya kazi yake. Maua, shuka, uso. Ubaya unatokea pembeni, sisi tumeelekeza macho kwenye kitu kizuri."

"Naam," Inspekta alisema. "Nimeona."

Mlango wa ngazi ulikwaruza. Mwanamke wa kwenye filamu alitokeza, amevaa kanga na fulana kubwa ya kiume, macho yamevimba. Mchana alionekana mdogo kuliko kwenye ule usiku wa buluu. Alimpita mumewe bila kumtazama, akaenda kusimama mbele ya Inspekta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sauti ipo."

"Mke wangu," Mwongozaji alisema kwa upole.

"Usiniite mke wangu sasa hivi." Hakupandisha sauti. "Siku tatu nimekaa nakungoja. Nilisema huyu ni mtu mzima, atakwenda mwenyewe. Kila asubuhi unavaa viatu, unakaa mezani, unaongeza buluu. Mume wangu yuko nje, kaka yangu yuko ndani, na mimi niko katikati kama kitambaa cha kufutia mikono." Akaufungua mkono. Ndani ya kiganja mlikuwa na kadi ya kamera, ndogo kuliko ukucha wa gumba. "Kamera ina maiki yake. Inarekodi hata kama hatuitumii. Hii ndiyo yenyewe, haijaguswa."

"Ulijua kilichomo?"

"Nilikuwepo, mama. Niliketi pale pale kwenye kiti." Akamwekea Inspekta kadi mkononi. "Na mimi sikuinuka."

Waliisikiliza kituoni, saa sita kasoro, katika ofisi ya Inspekta yenye meza mbili na feni iliyoacha kuzunguka. Inspekta alikuwa ameagiza watu wawili waitwe. Wa kwanza aliletwa kutoka mahabusu: fundi taa, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye alipomwona dada yake alitabasamu kwanza, kisha akakumbuka alipo. Alipomwona Mwongozaji alimkodolea macho.

"Shemeji. Umekonda."

"Wewe umenenepa," Mwongozaji alijaribu.

"Ugali wa bure."

Wa pili alikuwa binti wa Mzee wa Funguo, mwanamke wa makamo aliyevaa kwa unadhifu, vidole vyake vina vumbi la chaki. Ndiye aliyefungua mashtaka, na kila siku alipotoka wodini alipita kituoni kuuliza kama hayajafutwa. Aliketi kwenye kiti kilicho mbali kabisa na fundi taa.

"Mwalimu," Inspekta alimwambia, "utakachosikia ni kizito. Nataka ukisikie kabla ya hakimu, si baada yake. Ukitaka nisimamishe, inua mkono tu."

Picha ilikuwa ileile, lakini haikuwa na usiku. Jua lilimwagika kila mahali, shuka la kiraka cha maua lilikuwa jeupe mpaka linaumiza macho, na mwanamke juu ya kiti alionekana kuwa na joto. Kutoka kwenye spika ndogo ulikuja upepo, kisha sauti ya Mwongozaji, ya chini, ya kubembeleza.

"Mwezi, panda kidogo. Hapo hapo. Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini, shemeji?" fundi taa aliuliza kutoka ndani ya kompyuta, na mtu akacheka puani.

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo aliandika: mshika kioo ni mtuhumiwa, sauti yake, dakika ya kwanza. Fundi taa alijibu mara nne zaidi. Kila alipoambiwa ahame, mwanga ulihama.

Dakika ya saba zikasikika funguo. Zilikuja kwa mbali, kutoka ngazini, zikigongana kwa mwendo wa mtu mmoja anayepanda na kupumzika, anapanda na kupumzika. Mwalimu aliinua kichwa.

"Ngazi tano tano," alisema. "Goti lake. Anapumzika kila ya tano."

Hapakuwa na hatua za mtu mwingine. Inspekta alisogeza sikio, ingawa alikuwa ameshaisikiliza mara mbili peke yake. Miguu miwili tu, na funguo. Kisha sauti ya mzee, imechoka, ina utani ndani yake:

"Haya, nyie wasanii. Waya wenu huu. Msinune."

Kitu kikaburuzika. Kikafuata kishindo, kingine, na funguo zikateremka peke yake ngazi hadi ngazi, zikanyamaza.

Kwenye kioo cha kompyuta, mwezi uliruka.

"Shemeji," fundi taa alisema ndani ya kompyuta. "Kuna mtu ameanguka."

"Tulia."

"Shemeji, ni mzee."

"Ni ndoo. Jua linaondoka, Mwezi. Dakika nne tu. Mwaka mzima hatutalipata tena. Rudi usoni. Nakuomba."

Mwanga ulizunguka ukutani mara moja, mara mbili. Kisha ukarudi usoni mwa dada yake, unatetemeka, ukakaa hapo. Kwa dakika nne ofisini hapakusikika ila upepo wa Jumanne. Koplo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikosa la kusema, alikuwa anatazama kalamu yake. Hatimaye neno "kata" likasemwa, na kabla halijakwisha, viatu vya mtu mmoja vilikuwa vinakimbia kuelekea ngazi.

Inspekta alizima.

"Aliteleza kwenye waya aliokuwa anawarudishia," alisema. "Ncha ilifunguka. Hakuna aliyemsukuma. Huyu bwana alipofika alikunja kofia yake, akaiweka chini ya kichwa. Ndivyo ulivyomkuta, Mwalimu." Akamgeukia fundi taa. "Kwa nini hukusema?"

Fundi taa alitazama mikono yake. "Nilisema. Nilisema nilichelewa, kosa ni langu. Kioo kilikuwa mikononi mwangu, mama. Ningeweza kukiweka chini."

"Ulikuwa unamlinda shemeji yako."

"Ana filamu moja tu duniani. Mimi taa ninazo popote."

Mwalimu hakuwa ameinua mkono hata mara moja. Machozi yalikuwa yamemshuka bila yeye kuyafuta, yakafika kidevuni yakadondokea kwenye begi lake. "Rudisha pale baba anapoongea," alisema.

Inspekta alirudisha. Haya, nyie wasanii. Waya wenu huu. Msinune.

"Asubuhi ile nilimpigia simu," Mwalimu alisema. "Nikamwambia, baba, wale ni vijana, warudishie waya wao. Akaniambia hawarudishii ng'o." Akageuza kiti chake chote, kwa kelele, kumwelekea Mwongozaji. "Wewe. Ulijua ni yeye?"

Mwongozaji alikuwa amesimama karibu na dirisha, mahali ambapo mwanga ulikuwa mzuri. Aliondoka pale. Alikuja mpaka mbele ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama mtu machoni.

"Nilijiambia ni ndoo," alisema. "Nimejiambia hivyo siku tatu."

"Sikukuuliza ulijiambia nini."

"Nilijua. Ndoo haina funguo. Nilijua kabla shemeji hajasema."

Dada yake fundi taa aliziba uso. Koplo aliinamisha kichwa, akaandika. Inspekta alichukua simu ya mezani, akaomba ofisi ya mwendesha mashtaka, akasema kwamba mshtakiwa wa saa nane hatakuja, karatasi zitafuata. Alipokata simu alimsukumia Mwongozaji karatasi tupu.

"Andika yote, kwa mkono wako. Kuna kosa la kuficha ushahidi, hilo utalijibu. Na kuna lile jingine, ambalo sheria haina jina lake."

Aliandika kwa karibu nusu saa. Hakufuta neno. Alipomaliza, Inspekta alisoma, akagonga mhuri, akamwambia aripoti Jumatatu asubuhi. Mwongozaji alibaki amesimama, mikono ya sweta imefunika vidole, kama mtu aliyeambiwa aende lakini miguu haijapata habari.

"Nitaifuta ile filamu," alimwambia Mwalimu.

"Ukiifuta itanisaidia nini mimi?" Mwalimu alisema. "Sauti ya baba imo humo. Siku tatu sijaisikia kwingine." Alifungua begi lake, akapekua kati ya madaftari ya wanafunzi, akatoa kadi mbili za plastiki zenye namba ya wodi. "Saa kumi wanaruhusu wageni, wawili tu kwa mgonjwa mmoja. Mimi huwa naingia na mdogo wangu. Leo utaingia wewe." Akamnyooshea kadi moja.

Mwongozaji aliitazama ile kadi. "Hajaamka bado?"

"Bado. Daktari anasema tumwongeleshe. Anasema huenda wanasikia."

"Nitamwambia nini?"

"Ulichoandika hapo. Utamsomea. Halafu utamwambia waya umefika."

Aliipokea kwa mikono miwili. Fundi taa alikuwa ameshasimama, anafunga mkanda aliorudishiwa na askari wa zamu, dada yake amemshika kiwiko kana kwamba wanaweza kumchukua tena.

"Mimi nitakaa nje kwenye benchi," fundi taa alisema. "Akiamka, mniite."